Moshi wa Zamu ya Kisyeri

Nyangi alikuwa na punda mmoja tu, na zamu ya kuzoa mavi ya punda akapangiwa sawasawa na Kisyeri mwenye punda sita. Jambo hilo lilimkaa kooni mwaka ule wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, lisishuke wala lisitoke. Wanaomkumbuka huko Ringwani husema ulimi wake ulikuwa mkali kupita kisu cha ngariba, na hawamsingizii. Lakini mtu kuwa na ulimi mkali si kwamba hana haki. Haki alikuwa nayo, tena tele, na ndiyo iliyomponza.

Kabla ya kuhamishwa aliishi kilimani, kwenye mji wa marehemu mume wake, mji wa zamani wenye zizi la kuta za mawe. Mume alikufa mapema akamwachia mabinti watupu. Wakaolewa mmoja mmoja, wakaenda zao, na nyumba ikabaki haina mtoto wa kiume wa kubeba jina. Nyangi hakukaa kulialia. Alichukua ng'ombe za mahari ya binti wa mwisho, akaenda kuoa. Ndiyo, kuoa, kwao si ajabu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume huiolea nyumba yake mke, wenyewe wanaita nyumba ntobhu, na watoto watakaozaliwa ni wa marehemu, wanaitwa kwa jina lake, hata kama mwanaume aliyewazaa anaonekana kila siku akipita barabarani. Msichana aliyeolewa aliitwa Bhoke. Alikuwa mrefu, mpole, mchapakazi, naye alimwita Nyangi mama.

Halafu ikaja operesheni. Likaja lori, wakaja mgambo, ikaja amri. Waliochelewa kubomoa nyumba zao walibomolewa. Nyangi alichelewa kwa makusudi, akaishia kulitazama paa lake likiwaka moto huku yeye amekalishwa juu ya gunia la ulezi ndani ya lori. Kijiji kipya kilipangwa kandokando ya barabara, nyumba zimenyooka mstari kama wanafunzi wa paredi, ili wakubwa wakija wasisumbuke kutafuta watu. Maji yako wapi, hakuna aliyeuliza. Mto ulikuwa bondeni, mbali, na kupanda kurudi ni mawe matupu.

Njia ile ndiyo iliyoiua mimba ya kwanza ya Bhoke. Alikuwa na debe kichwani, akakaa chini katikati ya kilima, na waliomkuta walimbeba mikononi. Mimba ya pili nayo ikatoka vivyo hivyo, karibu pale pale. Ndipo kaka yake, Rubeni, alipokuja kutoka kwao upande wa Majimoto, akakataa hata kikombe cha uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa basi."

"Sitakaa, mama. Sisi tulikupa dada yetu aje azae. Hatukumtoa aje afe kwenye njia ya maji. Nikisikia tena amebeba debe kichwani, namchukua. Mambo ya ng'ombe tutazungumza baadaye."

 Nyangi aliuza ng'ombe wa mwisho aliyebaki zizini, akamnunua punda kwa Maftah, mfanyabiashara wa ngozi wa Mugumu. Alikuwa punda jike mwenye sikio lililochanika, mkaidi, mwepesi wa mateke, asiye na shukrani hata kidogo. Nyangi alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mnyama yeyote. Tangu hapo madebe yakapanda mgongoni mwa punda, Bhoke akawa anatembea nyuma yake na kifimbo tu. Mimba ya tatu ikashika. Ikaupita mwezi ambao zile nyingine zilitoka, ikaendelea, ikaonekana. Asubuhi Nyangi alilitazama tumbo lile kabla hajalitazama jua. Punda akiwepo, Bhoke atakuwepo. Bhoke akiwepo, nyumba ya mume wake itakuwa na jina. Alilijua hilo vizuri, na lilimtia hofu.

Punda hawakuruhusiwa kulala milangoni. Mwenyekiti wa kijiji alisema barabara itanuka, na wageni wa wilaya watasema nini. Basi wenye punda wakapewa kipande cha uwanda wenye majani chini ya nyumba, kwenye njia ya kwenda mtoni na shambani, wakizungushie ua na punda wote wakae humo. Ua wa mawe ungehitaji muda, na muda wote ulikuwa wa shamba la ujamaa la pamba. Wakakata matawi ya miiba wakati wa kiangazi, wakayarundika kuzunguka uwanda, wakaita ua. Bwana mifugo alipita na pikipiki yake, akaonya kwamba mavi yasipozolewa kila siku malisho yataharibika, punda watajaa minyoo na nzi watahamia majumbani. Ndipo wenye punda wakaitwa kikaoni wagawane zamu za usafi.

Zamu zikagawanywa kwa nyumba, si kwa idadi ya punda. Nyangi akasimama.

"Kisyeri ana punda sita. Mimi nina mmoja. Mavi ya sita na mavi ya mmoja yanalinganaje?"

"Mama, huu ni ujamaa," mwenyekiti alimjibu kwa upole wa mtu aliyekalia kiti. "Ujamaa ni usawa. Kila nyumba na zamu yake."

"Kama ni usawa, tuanze kwa kugawana punda. Tukishalingana punda, mavi nayo tutazoa sawa."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisyeri naye alicheka. Alikuwa binamu wa marehemu mume wake, mtu mnene mwenye sauti ya ukarimu, na alimwita Nyangi shemeji. Lakini zamu zilibaki kama zilivyopangwa. Nyangi alirudi nyumbani amefura, akaapa mbele ya Bhoke kwamba zamu yake ataifanya mpaka ua ung'ae, ila siku isiyo yake hataokota hata kibonge kimoja, hata kama mavi yatafika magotini.

Kazi yenyewe haikuwa na ujuzi wa ajabu. Unaingia uani punda wakiwa wamekwenda mtoni, unaokota mavi kwa mikono na kipande cha jembe bovu, unayatia kwenye ungo mkuukuu, unayapeleka kwenye lundo pembeni. Yaliyokauka unayachoma, moshi ufukuze nzi. Hapo kikao kilikuwa kimeweka sharti moja: moto uzimwe kwa maji kabla mtu hajaondoka, maana moto wa mavi ni mnafiki. Juu utaona majivu yamepoa, kumbe chini unakula. Nyangi, siku zake, alikuwa anakuja na debe zima la maji kwa kazi hiyo, analimwaga, kisha anatia mkono ndani ya majivu kuhakikisha.

Kisyeri sharti hilo hakulipenda. Katika ukoo wao moto wa zizi haukumwagiwa maji. Waliamini kwamba anayeumwagia maji moto wa zizi anawapoza wanyama, hawatazaa tena. Kule kilimani moto wa namna hiyo ulifuka mwaka mzima katikati ya kuta za mawe, ng'ombe wamesimama kwenye moshi wanacheua, na hakuna aliyewahi kuona jiwe likishika moto. Wengine nao walikuwa na imani hiyo hiyo moyoni, hata kama kikaoni walinyoosha mikono wote. Tena kumzimia mtu moto wa zizi lake bila kumwambia lilikuwa tusi, karibu sawa na kumlaani. Kwa hiyo siku za Kisyeri zilipofika, aliyezoa mavi alikuwa mke wake mdogo, Kezia, na Kezia alikuwa na maagizo yake: choma, ondoka, moto uache.

Siku moja Bhoke alimkuta Kezia peke yake uani, mtoto analia mgongoni, mavi yamezagaa kila mahali. Akaingia kumsaidia. Nyangi aliwaona kutoka njiani. Alimrudisha Bhoke nyumbani kwa maneno ambayo mstari mzima wa nyumba uliyasikia.

"Wewe umeolewa kwangu au kwa Kisyeri?"

"Mama, nilimhurumia tu. Amechoka."

"Achoke! Mwenye punda sita amlete mke mkubwa naye achoke. Kila mtu na zamu yake. Ukigusa tena zamu ya watu, ulale huko huko kwenye mavi yao. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli. Bhoke hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili.

Siku ya msiba ule ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati upepo unavuma tangu asubuhi na majani yanavunjika ukiyakanyaga. Zamu ilikuwa ya Kisyeri. Kijiji kizima kilitakiwa shambani kung'oa miti ya pamba ya msimu uliopita, na mgambo walikuwa wanapita na filimbi, hawataki kusikia kisingizio. Bhoke aliruhusiwa kuchelewa, achote maji kwanza, kisha apeleke uji kwa wafanyakazi. Nyangi alitangulia na jembe lake begani.

Alipofika karibu na ua alimwona Stanslaus mbele yake. Stanslaus alikuwa katekista wa kigango, mtu wa maneno ya taratibu. Alimwingiza punda wake uani, akaziba lango kwa matawi ya miiba, akasimama kidogo akilitazama lundo la mavi. Kisha akajipangusa mikono, akaenda zake. Nyangi naye alifika, naye akasimama. Lundo lilikuwa linafuka. Kezia hayupo, ameshaondoka. Upepo ulipopiga, majivu yakafunguka, pakaonekana pekundu ndani, na cheche zikaruka mpaka kwenye miiba ya ua, zikafa. Zikaruka nyingine.

Aliona. Tusimpunguzie hilo. Aliona na alielewa, kwa sababu hakuwa mjinga. Kilichompita moyoni kilikuwa hiki: safari hii ajulikane. Ua utaungua kipande, mwenyekiti atauliza ni zamu ya nani, na Kisyeri atasimama mbele ya watu na sauti yake ya ukarimu atafute cha kusema. Alifikiri kitaungua kipande tu, upana wa mlango. Akapita. Alikiri baadaye kwamba njia nzima ya shambani alikuwa anatembea kwa furaha.

Jua lilikuwa utosini walipouona moshi. Mwanzo walidhani kuna mtu anachoma nyasi bondeni. Kisha zikaja sauti. Mlio wa punda huwachekesha watu, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka. Walitupa majembe wakakimbia, na Nyangi, na umri wake ule, aliwapita vijana. Upepo ulikuwa umeuzungusha moto ua mzima. Miiba mikavu ilikuwa inalipuka, na lango, kwa kuwa lilikuwa la miiba pia, liliwaka kuliko kote. Hapakuwa na pa kuingilia. Wanaume walirusha mchanga, wakapiga kwa matawi mabichi. Maji yalikuwa bondeni. Ndani punda walijikusanya katikati, halafu wakaanza kukimbia mduara, halafu wakaanza kuanguka.

Nyangi alimtambua wake kwa lile sikio. Alimwita. Kisha akaelekea kwenye moto moja kwa moja, na aliyemkamata alikuwa Kisyeri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Kisyeri alimkumbatia shemeji yake kwa nguvu zote, wakavutana mpaka mikono yake ikaungua, huku punda wake sita wakifa mbele ya macho yake. Alilia kama mtoto. Halafu jioni akaenda nyumbani akampiga Kezia, kwa kosa la kumtii.

Hakupona punda hata mmoja. Waliwachimbia shimo moja pale pale uwandani, na harufu ilikaa kijijini siku nyingi. Usiguse debe, Nyangi alimwambia Bhoke, nitachota mimi. Akawa anashuka bondeni alfajiri na kupanda na debe kichwani, anapumzika kwenye kila jiwe. Bhoke alikuwa anakaa mlangoni akimsubiri, analia, na Nyangi anamkaripia kwa kulia. Habari zilimfikia Rubeni haraka, maana habari mbaya hazihitaji lori. Akatuma neno kwamba atakuja akishamaliza kutayarisha shamba lake. Nyangi alijua anakuja kufanya nini. Akikuta punda mlangoni, atakunywa uji aondoke. Asipomkuta, ataondoka na Bhoke.

Kwa hiyo wazee wa mila walipoita baraza, Nyangi alikwenda na roho mkononi. Mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa mtu wa chama hatakiwi kujua mambo ya viapo, siku hiyo alikumbuka ana safari ya Mugumu. Baraza likaongozwa na Mzee Machota, ambaye hakuwa na haraka wala mzaha. Alisema zamu ilikuwa ya Kisyeri na sharti lilikuwa linajulikana. Kisyeri ana ng'ombe. Atalipa punda kwa punda, kila nyumba iliyopoteza.

Watu wakashusha pumzi. Mzee akainua mkono, hajamaliza.

"Moto ule ulifuka asubuhi nzima kando ya njia," alisema. "Anayelipwa ni yule asiyejua. Aliyeuona akanyamaza, huyo ameuwasha pamoja na Kisyeri. Hatuwezi kumlipa mtu moto wake mwenyewe."

Yakachotwa majivu ya ua, yakakorogwa na maji kwenye kibuyu. Kila mwenye punda angesimama, nyumba yake nyuma yake, anywe na kutamka: Sikuuona, sikuujua. Kama niliuona, tumbo la nyumba yangu likauke. Wakaanza kunywa mmoja baada ya mwingine. Wengine mikono ilitetemeka, lakini majivu ni machungu na mikono ya watu hutetemeka kwa mengi.

Alipoitwa Stanslaus, Nyangi alikaza macho. Katekista alifanya ishara ya msalaba, akapokea kibuyu, akanywa, akatamka yote bila kukwama, mke wake na watoto wake wamesimama nyuma yake. Akapangusa midomo akarudi kukaa. Nyangi alimtazama kwa muda mrefu. Kumbe inawezekana. Kumbe mtu anakunywa, anasema, na bado anarudi kukaa kwa miguu yake.

Wakamwita yeye. Bhoke akasimama nyuma yake, mikono juu ya tumbo. Nyangi akapokea kibuyu. Alikuwa amejipanga usiku na mchana: kuona moshi si kuona moto, kudhani kitaungua kipande si kujua utaungua ua mzima. Aliogopa, lakini alimwogopa zaidi Rubeni na safari yake. Alitaka punda. Kwenye ulimwengu wote hapakuwa na kitu kingine alichokitaka. Akakiinua kibuyu.

Bhoke akamsogelea sikioni.

"Mama, usinywe. Na mimi niliuona."

Nyangi hakugeuka.

"Nilipita na punda natoka mtoni," Bhoke alinong'ona. "Madebe yamejaa. Moto ulikuwa mdogo, debe moja lingetosha. Nikaanza kufungua kamba nilishushe. Nikakumbuka ulivyonikataza. Nikapeleka maji nyumbani, halafu nikamrudisha punda, nikamfungia humo."

Aliyasema bila kulaumu. Angelaumu ingekuwa nafuu. Nyangi alibaki na kibuyu mdomoni, na akamwona punda wake akipita kando ya moto, amebeba mgongoni maji ya kujiokoa, na hakuna anayethubutu kuyashusha kwa sababu ya ulimi wa mwanamke mmoja. Uongo juu ya macho yake mwenyewe angeweza kuubeba. Lakini sasa nyumba nzima ilikuwa imeona, na tumbo lililotajwa kwenye kiapo lilikuwa pale nyuma yake, linamgusa mgongoni.

Akakiweka kibuyu chini.

"Niliuona," alisema kwa sauti. "Mimi niliuona nikapita. Msichana huyu hajui kitu."

Kisyeri alikuwa amefungwa vitambaa mikononi. Alisimama taratibu.

"Uliuona, shemeji? Ukapita?"

"Nilipita. Haikuwa zamu yangu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Machota alimwambia akae, akakaa. Stanslaus alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Kisyeri alilipa. Ilimgharimu ng'ombe wake wengi, na sauti yake ya ukarimu haikurudi. Kila nyumba iliyokunywa ilipata punda wake, na Stanslaus alipata dume changa lenye afya. Wanaotaka kujua kama kiapo kilimfuata, hakikumfuata. Mwaka uliofuata mke wake alizaa mapacha wanene, akawabatiza. Labda siku ile kiapo kilikuwa kimelala, au labda majivu ni majivu tu. Nyangi alilifikiria hilo mara nyingi, akiwa njiani na debe, na siku moja alijiambia kwamba afadhali angekunywa. Kesho yake anasema afadhali hakunywa. Hakufika mwisho wa jambo hilo.

Rubeni alimkuta hapo hapo njiani. Mama yule alikuwa amekaa juu ya jiwe, debe pembeni, anatafuta nguvu za kusimama. Rubeni alimwamkia, akalichukua debe, akaliweka kichwani mwake, mwanaume mzima, mbele za watu, akalipandisha mpaka nyumbani. Akalitua taratibu ndani ya kibanda cha jiko.

"Mama, sina ugomvi na wewe."

"Najua, mwanangu."

"Akizaa salama, na wewe ukipata punda, tutamrudisha."

"Mpeleke. Ila njiani asibebe kitu. Hata mzigo wake mbebee wewe."

Bhoke alifunga nguo zake kwenye kitenge. Alipiga magoti kumuaga, Nyangi akataka kuligusa lile tumbo, akaona aibu, akamshika bega. "Nitarudi, mama," Bhoke alisema, na alikuwa anamaanisha. Nyangi alisimama barabarani akiwatazama mpaka hapakuwa na cha kutazama.

Mvua zikanyesha. Nyangi alilima shamba lake kwa mkono, na siku ambazo filimbi haikulia alilima ya watu wengine, apate chochote cha kuanzia kumtafuta punda. Ulimi wake ulinyamaza. Watu walizungumza naye na yeye akaitikia tu, na waliokuwa wakimwogopa zamani sasa walianza kumhurumia, jambo ambalo alilichukia zaidi. Kisha mpita njia akaleta salamu kutoka Majimoto: Bhoke amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Siku hiyo Nyangi hakwenda kibarua. Alikaa ndani peke yake akalitamka jina la mume wake, safari hii akimwita mtoto. Alilitamka kwa sauti, kama mtu anayemwita aliye nje aje ale.

Alikwenda kuwaona mara moja, kwa miguu, na kifurushi cha ulezi. Alimpakata mtoto, Bhoke akampikia, wakacheka kidogo. Hakuna aliyeuliza habari za punda. Alirudi ameongezewa nguvu, akaongeza vibarua.

Ilikuwa alasiri, mvua zimekwisha na njia zimeanza tena vumbi, aliposikia kengele za ng'ombe barabarani. Alitoka mlangoni. Ng'ombe walikuwa wanakuja kwa mstari, wamechoka, na nyuma yao Rubeni na fimbo yake. Hakusogea karibu. Alisimama upande wa pili wa barabara, akawaelekeza ng'ombe mpaka wakasimama mbele ya nyumba ya Nyangi.

"Shikamoo, mama."

Nyangi alisahau kuitikia. Ng'ombe za mahari hurudi kwa njia moja tu: mwanaume mwingine ametoa zake. Habari yote ilikuwa imesimama pale mlangoni inapumua, na hapakuwa na haja ya mtu kufungua mdomo.

"Ameolewa wapi?" aliuliza hatimaye.

"Huko huko kwetu, mama. Kwa mtu mwenye kisima."

"Na mtoto?"

Rubeni aliinamisha kichwa. "Yule mweupe, wa mwisho, ni fidia ya mtoto. Wazee wamemwongeza. Wamesema mtoto asije akabaki na majina mawili."

Nyangi alimtafuta kwa macho yule ng'ombe mweupe. Alikuwa jike zuri, mnono, na angemletea punda yeye peke yake, na wa akiba juu. Wote wale wangejaza ua. Akawatazama mmoja mmoja, akageuka aseme kitu, lakini Rubeni alikuwa ameshaanza kurudi, anatembea upesi kidogo, bila kutazama nyuma.

Jua lilikuwa bado lipo. Ng'ombe walikuwa wametembea tangu alfajiri, na mmoja alianza kulamba chungu kitupu kilichokuwa kando ya mlango. Nyangi alichukua debe, akaliweka begani, akashuka mtoni kuwachotea maji.